Mzee Mvumo na Mfuko wa Viraka

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mzee Mvumo tu, hata wengine juzi wakapotea njia kwa kuulizia msiba kwa jina lake la vyeti, alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi wa geti kiwandani hapo, na mama yake alisafisha vyumba katika hoteli kubwa ya mjini, ile yenye ngazi pana ya mbao. Mtoto wa mwisho alipozaliwa, mwaka 1956, mama alilazimika kurudi kazini mapema, na kazi ya ulezi ikamwangukia marehemu. Alimbeba mdogo wake mgongoni mpaka miguu ya mtoto ikaanza kuburuta chini, na watu wakamcheka, na bado akambeba. Mtoto huyo ndiye baadaye watu wa gereji walimbandika jina la Rangi. Atatajwa sana katika wasifu huu, kwa sababu marehemu alitaka atajwe.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa kando ya reli kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Hakuwa hodari wa kusoma kwa sauti, na mwenyewe alikiri hivyo bila kuona haya. Kilichomtia matatani ni mikono. Aliwahi kuifungua kengele ya umeme ya shule ili aone ni nini hasa kinacholia humo ndani. Aliirudisha, ikalia vizuri kuliko mwanzo, na viboko akala vilevile. Mwalimu mkuu alimwambia mama yake, "Huyu mpeleke ufundi kabla hajanifungulia na paa." Mama akasikia la mkuu. Alisomea umeme katika chuo cha ufundi na kuhitimu mwishoni mwa 1967.

Tarehe 3 Januari 1968 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika hoteli ileile ya mama yake. Huko ndiko alikokutana na mashine zilizokuja kuwa maisha yake. Zilikuwa mashine za kufyonza vumbi za namna ya zamani, zile za kusimama: chini kichwa kizito cha chuma chenye mota na brashi inayozunguka, juu mpini mrefu, na mgongoni mfuko wa kitambaa unaofura kama shavu la mpiga tarumbeta. Wasafishaji walizisukuma kwenye mazulia ya korido, na zilipogoma waliitwa mafundi. Wenzake walizichukia kwa uzito na kwa vumbi. Yeye alikuwa akiweka kiganja juu ya kichwa cha mashine, anafumba macho, kisha anasema, "Huu sio mvumo wake." Wenzake wakalidaka neno, na jina likaganda.

Mwaka 1974 mfuko wa moja ya mashine hizo ulichanika. Marehemu akautoa, akaupeleka kwa binti mmoja fundi cherehani aliyekuwa na kibanda mbele ya duka la vyombo. Alikuwa na aibu, basi akauweka tu juu ya meza na kusema, "Nataka mwingine kama huu." Binti akaugeuza, akaupima, akaingiza mkono mpaka kwapani, kisha akauliza kwa huruma ya kweli, "Pole sana. Mwenye suruali mguu mmoja aliupoteza kwenye ajali?" Marehemu alicheka mpaka akakaa chini kizingitini. Alirudi tena na mfuko mwingine ambao haukuwa umechanika, na safari ya tatu alikuja bila mfuko wowote. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1975, na wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Mwaka 1979 hoteli ilinunua mashine mpya, na zile za zamani zikatupwa uani, nyuma ya chumba cha kufulia. Mvua ilikuwa inakuja. Marehemu alimfuata meneja na kumwambia kwamba kitu kilichomfanyia mtu kazi hakitupwi kama ganda la ndizi. Meneja alikuwa na haraka zake. "Ukiziweza, beba," akasema. Akazibeba, moja moja, begani, hadi nyumbani.

Hapo ndipo shughuli ilipoanza. Jirani akahama na kumwachia moja. Ukumbi wa sinema ukafungwa, akaenda kuokota mbili zilizokuwa zimefunikwa na mapazia. Akawa anajulikana kwa wauza vyuma chakavu, nao wakipata mashine ya kusimama wanamwita kabla hawajaivunja. Sebule ilijaa. Mgeni akija huketishwa kwenye kiti kilicho katikati ya mashine, kama mtu aliyezungukwa na askari. Mke wake aliwahi kuwaambia mashoga zake, "Mimi nimeolewa na mume mmoja na wake wenza wasio na idadi. Tena wamesimama tu mchana kutwa, hakuna hata mmoja anayenisaidia kuosha vyombo." Lakini ni yeye aliyeshona mifuko yote. Marehemu alichora kwa chaki na kupima, mke akakata na kushona.

Na ni Rangi, mdogo wake, aliyezirudishia sura. Rangi alikuwa mpiga rangi wa magari. Kila Jumapili alikuja na bomba lake la kupulizia. Marehemu anafungua mota, anasafisha koili, anabadili beringi na mkanda wa brashi. Rangi anapiga msasa, anapulizia, anasugua vyuma mpaka unajiona meno. Walifanya kazi pamoja miaka mingi wakiwa hawazungumzi sana, maana hawakuhitaji. Mmoja alinyoosha mkono, mwingine akatia bisibisi. Marehemu alipostaafu hotelini mwaka 2004, walijenga karakana ndogo ya mabati uani, na watu wakaanza kuleta mashine za wazazi wao ili zifufuliwe. Binti yake anasema hajawahi kumwona baba yake akiwa na furaha kama miaka ile.

Mwaka 2010 alikuja mama mmoja, mkunga mstaafu. Alileta mashine ya marehemu mama yake. Mfuko wake ulikuwa na viraka, kila kiraka kimeshonwa kwa uzi wa rangi yake, na kimoja kilikatwa kwenye shati la baba. Mkunga akasema, "Fundi, mimi nataka ivume tu. Sura yake niachieni kama mama alivyoiacha." Marehemu akaitikia. Siku hiyo Rangi hakuwepo, na marehemu akayasahau kabisa maneno hayo, asimfikishie.

Jumapili iliyofuata Rangi alifanya kama walivyofanya siku zote. Aliikuta mashine imefunguliwa, haina mfuko. Pembeni palikuwa na mfuko mpya uliotoka kwa shemeji yake. Akaipiga msasa, akaipulizia rangi nyekundu ya kung'aa, akaifunga ule mfuko mpya. Ilipendeza, kusema haki.

Mkunga alikuja kuichukua siku ambayo karakana ilikuwa imejaa. Binti wa Rangi alikuwa amechumbiwa, na Rangi, kwa kujivunia kaka yake, alikuwa amewaleta wakwe zake watarajiwa waone kazi ya mikono yao. Mkunga alipoiona mashine alisimama mlangoni akiwa ameziba mdomo. "Mfuko wa mama uko wapi?" akauliza. Wakautafuta. Haukuonekana. Mama wa watu akalia pale pale mbele ya wageni, akaondoka bila mashine, na hakutaka kufuatwa.

Marehemu aliona dunia imemgeukia. Akamgeukia mdogo wake.

"Umeutupa! Mfuko wa mama wa watu umeutupa jalalani!"

"Kaka, mimi..."

"Wewe si fundi! Wewe ni mharibifu! Tangu utoto wako kazi yako ni kuharibu, na mimi kazi yangu ni kukufunika!"

Wakwe wakatazama chini. Rangi alinawa mikono kwa petroli, akaifuta kidole kimoja kimoja, akachukua bomba lake. "Haya, kaka," akasema, akatoka na wageni wake.

Ndoa ya binti yake ilifungwa, tunashukuru Mungu, lakini marehemu hakwenda. Mke wake alijaribu kuwapatanisha. Alimpigia Rangi simu, "Shemeji, wewe njoo tu, utamkuta." Rangi akamjibu kwa upole, "Shemeji, ukiniita wewe nitakuja kukuona wewe. Kaka akiniita, nitakuja kumwona kaka." Marehemu aliambiwa hayo, akasema mwenye kosa ndiye anayetakiwa kuja. Mwaka 2014 mama yao alipofariki, walilibeba jeneza lake bega kwa bega, huyu upande huu na huyu upande ule, na walipolishusha kila mmoja akaenda kukaa na watu wake. Waliokuwepo wanakumbuka.

Karakana haikufungwa, lakini ilipoa. Marehemu alifufua mota na kuziacha na kutu zao nje. Alipoulizwa kwa nini hazina rangi, alisema rangi si muhimu. Aliyasema hayo mtu ambaye zamani aliweza kukaa nusu siku akitazama wekundu ukikauka.

Ilikuwa mwaka 2019. Alikuwa akitafuta mkanda mwembamba wa brashi, akashusha kopo la zamani la biskuti kutoka rafu ya juu. Chini kabisa, chini ya mikanda iliyokauka, alikuta kitambaa kilichokunjwa vizuri. Alipokikunjua vikatokea viraka. Na juu ya viraka palikuwa na alama za chaki, za mkono wake mwenyewe. Ndipo alipokumbuka: aliutoa yeye ule mfuko ili auchukulie kipimo cha mashine nyingine ya aina ileile, akaukunja ili usichafuke, akauweka mahali salama. Salama kiasi cha kuusahau yeye mwenyewe.

Mke wake alimwita kunywa chai, hakuitika. Alipomfuata alimkuta amekaa juu ya ndoo, mfuko magotini.

"Mama Watoto," akasema, "nimemwonea mtoto wa mama yangu."

Mke akautazama ule mfuko, akaelewa. "Basi mfuate," akamwambia.

"Nitamfuata."

Lakini kujua kosa ni jambo moja, na kuubeba uso wako mpaka mlangoni kwa mtu ni jingine. Alianza kwa mkunga, akidhani hapo ni wepesi zaidi. Alipofika alipokewa na binti wa mkunga, akaambiwa mama alikwishafariki mwaka uliotangulia. Alirudi na mfuko wake kwapani, na tangu siku hiyo akawa mzito zaidi. Alisema ataenda kwa Rangi mvua zikiisha. Zikaisha. Alisema mguu unamsumbua. Mguu ukapona. Mke wake aliacha kumkumbusha, kwa sababu kila akikumbushwa alikuwa akishindwa kula. Hapa familia inakiri kwamba ilinyamaza ikidhani inamhurumia.

Januari 2023 zikaja habari kwamba Rangi ameacha kazi. Kifua kilikuwa kimeharibika kwa miaka ya kuvuta rangi, na hawezi tena kushika bomba. Marehemu aliposikia hivyo alivaa shati lake la kutokea, akamwambia binti yake, "Washa gari."

Walimkuta Rangi uani kwake akianika nguo. Marehemu akapiga hodi. Rangi akageuka, kibanio cha nguo mdomoni, akabaki hivyo. Marehemu hakungoja hata kukaribishwa. Alitoa mfuko na kuunyoosha mbele yake kwa mikono miwili.

"Huu hapa. Ulikuwa kwangu."

Rangi akauangalia bila kuugusa. "Najua, kaka."

"Unajua nini?"

"Nilikuona ukiukunja Jumapili ile nilipofika. Ulikuwa umeshaupima kwa chaki, ukautia kwenye kopo la mikanda. Nilidhani umeutoa kwa sababu wenyewe wanataka mpya."

Marehemu akaushusha mfuko. "Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nikwambie mbele ya wakwe, kaka, aliyepoteza ni wewe? Wewe uliyenibeba mgongoni?" Rangi akakohoa, akangoja kifua kitulie. "Nilinyamaza nikusitiri. Nikasema jioni ataniuliza, nitamwambia tukiwa wawili. Hukuuliza. Kesho yake hukuuliza. Mwisho na mimi nikaingiwa na kiburi, nikasema asipouliza, sisemi. Tulizeeka hivyo hivyo, kaka. Kwa swali moja."

Binti wa marehemu alikuwa amesimama getini. Anasema hajawahi kumwona baba yake akilia kabla ya siku hiyo, wala hakujua kwamba wazee wanaweza kulia kwa sauti. Rangi alimshika kiwiko, akamkalisha kwenye kiti cha plastiki, akasema, "Umechelewa sana. Lakini umekuja. Chai utakunywa?"

"Nitakunywa. Ila nilikutukana mbele ya watu, nami nitakuomba radhi mbele ya watu walewale."

"Achana nayo, kaka. Yameisha."

"Kwako yameisha. Kwangu bado."

Kuanzia hapo Rangi alirudi karakanani. Hakuweza kupulizia, basi alikaa karibu na mlango penye hewa, akaelekeza na kusuta. Waliichukua ile mashine ya mkunga, ambayo haikuwahi kuguswa, wakaurudisha mfuko wa viraka mahali pake. Rangi nyekundu iliwashinda. Waliweza kuitoa, lakini chini yake palibaki chuma kitupu. Rangi ya zamani ikishapigwa msasa hairudi, na hakuna fundi wa kuirudisha. "Hii nilifanya kweli," Rangi akasema. "Kwa sababu sikukwambia," marehemu akamjibu.

Mpango wa marehemu ulikuwa kuwaita watu wote wa siku ile, wakwe wa Rangi na binti wa mkunga, waje karakanani, aseme yake na kuikabidhi mashine. Lakini alitaka kwanza apate mkanda unaofaa. Ulipopatikana, mkwe mmoja alikuwa safarini. Mkwe aliporudi, marehemu alitaka karakana ipakwe chokaa.

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 18 Juni 2023, alipatwa na kiharusi akiwa anafunga kamba za viatu. Upande wa kulia ukalala, na sauti ikaondoka. Alitibiwa hospitalini wiki kadhaa, kisha akarudishwa nyumbani. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Rangi alikuja kila asubuhi kumnyoa. Alikuwa akimwekea povu shavuni na kumwambia, "Tulia, kaka, hapa ndipo ninapoweka rangi," na marehemu akacheka kwa macho.

Mwezi Septemba wakwe walikuja kumjulia hali. Marehemu aliwatambua mara moja. Aliushika mkono wa baba mkwe kwa mkono wake mzima, akamwonyesha Rangi, akajikaza mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Ikatoka sauti isiyo na maneno. Baba mkwe, kwa wema wake wote, akadhani mgonjwa ana kiu, akamletea glasi ya maji. Marehemu akasukuma glasi, akajaribu tena. Rangi akapiga magoti kando ya kitanda. "Basi, kaka, nimesikia," akamwambia. Marehemu akatikisa kichwa. Hakuwa akisema na Rangi. Mwishoni alichoka, akayanywa yale maji.

Aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 2 Novemba 2023, kwa homa ya mapafu, mke wake akiwa amemshika mkono.

Wakwe wa Rangi wamo humu, wameketi safu ya pili. Binti wa mkunga naye amekuja, na mashine ya bibi yake alishapelekewa na Rangi mwenyewe. Basi, yale ambayo marehemu alishindwa kuyasema na glasi ya maji mkononi, alikuwa amekwisha kuyasema kwa binti yake wakirudi kutoka kwa Rangi siku ile ya Januari, na yanasomwa hapa kama alivyoyatamka: "Mdogo wangu hakutupa kitu. Mharibifu nilikuwa mimi. Aliyejua ni yeye, na akakubali kuaibika ili mimi nisiaibike. Naomba radhi kwake, na kwa watu niliowasikilizisha tusi ambalo halikuwa lake."

Marehemu ameacha mke wake, fundi cherehani, aliyeishi naye tangu 1975. Binti mmoja na wavulana wawili. Wakwe na wajukuu. Dada zake wawili. Karakana moja ambayo bado haijapakwa chokaa. Na mdogo wake Rangi, ambaye kwa ombi la familia atatangulia leo kushika jeneza, mbele, upande wa kulia.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, apumzike kwa amani. Na sisi tuliobaki, atujalie kuulizana jioni ileile.